Wageni wa Singida wafunga virago: Wahi kuwaona kabla hawajapaa!

Mtajie kijana wa Dar neno Singida, atakutajia vitu vitatu bila hata kumeza mate: kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti na vitunguu. Akiwa mtu wa safari ataongeza la nne, yale mawe makubwa yaliyobebana utadhani yamepangwa na fundi. Baada ya hapo stori imekwisha. Basi linasimama, abiria wanashuka kunyoosha miguu, wananunua wanachonunua, wanapanda tena na safari ya Mwanza inaendelea.

Wiki hii, msomaji wangu mpenzi, tushuke kabisa na begi letu. Singida kuna ndege wengine, wala hawa hawaliwi na chipsi. Hawauzwi, hawafugwi, na wengi wao muda si mrefu wanaondoka zao. Kuwaona ni bure. Unachotakiwa ni kuamka mapema tu, jambo ambalo najua kwa watu wa kujirusha wikiendi ni mtihani.

Mji wa Singida umelala katikati ya maziwa mawili kama mtoto kati ya baba na mama. Kaskazini kuna Ziwa Singidani, kusini kuna Ziwa Kindai. Yote mawili maji yake ni ya chumvi na magadi, hayanyweki, na kina chake si kirefu. Kwa mtu anayepita haraka ni maji tu, yanang'aa, basi. Lakini kwa ndege wa majini hiyo ni hoteli, tena ya nyota nyingi.

Na mwezi wa tatu ndipo hoteli hiyo inapokuwa na pilikapilika. Huko Ulaya na Asia ya kaskazini baridi inaanza kulegea, theluji inayeyuka, miti inachipua. Huku kwetu mvua zilizoanza Novemba au Desemba zinaelekea ukingoni, alizeti na mtama vimesimama shambani. Ndege waliokuja kwetu kukimbia baridi wameshapata habari, nani kawaambia Mungu ndiye ajuaye, kwamba kwao kumeanza kupata joto. Hivyo wanafunga virago.

Wanajaza mafuta

Tuanze na yule mdogo kabisa, ambaye watu wengi humpita bila kumtazama. Ukienda ukingoni asubuhi utaona vindege vya kijivu na kahawia, vikikimbia kwenye tope kama vimechelewa kazini. Vinasimama, vinadona tope tap-tap-tap kama sindano ya cherehani, kisha vinakimbia tena. Watu wa pwani wana jina la vindege wa namna hii, wanawaita vitwitwi. Wako wa aina nyingi, na yule mdogo kuliko wote uzito wake ni gramu 25 hivi. Chukua betri moja ndogo ya rimoti, iweke kiganjani. Huyo ndiye yeye, na manyoya yake, na mifupa yake, na moyo wake.

Sasa kaa chonjo. Kindege hicho hakikuzaliwa Singida, wala Tanzania, wala Afrika. Kimezaliwa juu kabisa ya dunia, kwenye nyanda za baridi za Aktiki, kuanzia kaskazini mwa Norwe mpaka Siberia kule Urusi. Kutoka Singida hadi huko ni zaidi ya kilomita 8,000. Kimekuja kwa mabawa yake, hakuna viza, hakuna pasipoti, hakuna mjomba aliyetuma tiketi. Na mwezi huu kinajiandaa kurudi kwa njia hiyo hiyo. Wewe na mimi tukienda Dodoma, kilomita 240 tu, tunafika tumechoka tunatafuta pa kulala!

Siri yake ni mafuta. Sisemi petroli, nasema mafuta ya mwilini. Ndege hawa wiki chache kabla ya safari hula kama hawana akili nzuri, wadudu, viluwiluwi, vijidudu vya kwenye tope, wanakula kutwa na hata usiku wa mbalamwezi. Mafuta yanajikusanya chini ya ngozi, na wapo ambao uzito wao unakaribia mara mbili ya ule wa kawaida. Tanki likijaa, siku moja jioni upepo ukiwa mzuri wanapaa, wanapandisha juu, wanageuza uso kaskazini. Wanatua njiani kula tena, kisha wanaendelea.

Kama huamini kwamba mafuta ya mwilini yanaweza kufika mbali, msikilize ndugu yao mmoja wa ukoo huo huo, mkubwa kidogo na mwenye mdomo mrefu. Mwaka 2022 kinda wa aina hiyo, umri wake miezi mitano tu, alifungwa kifaa cha setelaiti kule Alaska. Akaruka hadi kisiwa cha Tasmania huko Australia, kilomita 13,560 kwa siku 11, bila kutua, bila kula, bila hata tone la maji. Si mchezo.

Wanabadilisha pamba

Utauliza, kwa nini wanahangaika hivyo? Si wakae tu Singida, jua lipo, tope lipo, chakula kipo?

Jibu ni mapenzi, na watoto. Kule Aktiki wakati wa kiangazi jua halizami kabisa kwa wiki kadhaa. Wadudu wanazaliwa kwa mamilioni, na mzazi ana saa 24 za mwanga wa kuwalisha watoto wake. Muda ni mfupi, miezi miwili hivi, kwa hiyo akichelewa kufika anakuta nafasi nzuri zimechukuliwa, au mayai yanaanguliwa chakula kimeshapungua. Ndiyo maana hawana mchezo na kalenda.

Na kwa kuwa wanakwenda harusini, lazima wapendeze. Hapa ndipo mwezi wa tatu unapowashinda Desemba na Januari kwa mtu anayependa kutazama. Desemba wote ni vijivu, hata mtaalamu anakuna kichwa kuwatofautisha. Machi wanaanza kuvaa. Yupo mmoja mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, huyu kwao ni Siberia. Anapofika kwetu ni wa kijivu na tumbo jeupe, lakini mwezi huu kifua kinaanza kugeuka rangi ya tofali la kuchoma, doa baada ya doa, kama shati lililomwagikiwa chai. Kabla hajafika kwao anakuwa mwekundu kifua kizima.

Yupo mwingine, huyu dume lake akifika kwao huotesha manyoya marefu shingoni, kola kubwa kama ya mfalme wa kwenye sinema, na hakuna madume wawili wanaofanana sawasawa. Halafu wanakusanyika uwanjani wanacheza, majike wamesimama pembeni wanachagua. Disko kamili! Sisi huku mara nyingi hatumwoni akiwa na kola hiyo. Tena katika jamii hiyo wanaosafiri mbali zaidi kuja kusini mwa Afrika wengi ni majike. Madume wengi wanabaki karibu na nyumbani wawahi kurudi kupigania uwanja.

Zamani hakuna aliyejua

Usidhani wazungu walikuwa wanajua siku zote kwamba ndege wao wanakuja kwetu. Kwa karne nyingi baadhi yao waliamini kwamba mbayuwayu anajizika kwenye tope la ziwa wakati wa baridi na kufufuka joto likirudi.

Aliyewafumbua macho ni korongo. Mwaka 1822, katika kijiji kimoja cha kaskazini mwa Ujerumani karibu na Klütz, alionekana korongo mweupe amerudi na mkuki umepita shingoni, urefu wake sentimita 80 hivi. Mti wa mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Maskini yule ndege alichomwa huku, akasafiri hivyo hivyo na mkuki wake hadi Ulaya! Wakamkausha, na mpaka leo yuko Chuo Kikuu cha Rostock. Baadaye watu wakaanza kuwavalisha ndege pete nyepesi miguuni. Mbayuwayu aliyevalishwa pete Uingereza mwaka 1911 akakamatwa Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Hapo ubishi ukaisha.

Kwa hiyo ukiona korongo weupe wamesimama kwenye nyika wakila panzi, au mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa umeme kama nota za muziki, ujue huenda hao nao wana nyumba mbili, moja huku na moja huko.

Na yule mrembo wa pinki je?

Najua wengi mmekuwa mkimsubiri huyu. Heroe, au flamingo kama tunavyomwita mitaani. Huyu si mgeni wa Ulaya. Ni mwenyeji wa Afrika Mashariki, ila hatulii. Leo yuko Singidani, kesho hayupo, wiki ijayo unasikia ameonekana Manyara au Natron. Anafuata chakula, na safari zake nyingi ni za usiku, kwa hiyo unalala wapo, unaamka ziwa tupu. Usije ukaenda siku moja ukamkosa ukasema mwandishi kakudanganya.

Wako wa aina mbili. Heroe mkubwa ni mrefu, mweupe mweupe wenye upinki kidogo, mdomo wake ni wa pinki na ncha nyeusi. Huyu anachokonoa tope akitafuta vijidudu. Heroe mdogo ni mfupi zaidi, rangi imekolea, na mdomo ni mwekundu mweusi kwa mbali. Chakula chake ni mimea midogo sana isiyoonekana kwa macho, inayoyapa maji ya magadi ile rangi ya kijani. Anapindua kichwa juu chini, anavuta maji na kuyachuja kama mtu anayechuja tui. Upinki wake wote unatoka kwenye chakula hicho, ni rangi ya jamii ile ile iliyomo kwenye karoti. Kinda anazaliwa wa kijivu kabisa.

Takriban robo tatu ya heroe wadogo wa dunia nzima wako kwenye maziwa ya Afrika Mashariki, na karibu wote hao wanazalia sehemu moja tu, Ziwa Natron, kilomita kama 300 kutoka Singida ukipita angani. Wanajenga viota vya tope katikati ya magadi yanayounguza, yai moja tu kila kiota, mahali ambapo fisi hawezi kuthubutu. Mwaka 1954 Leslie Brown, ofisa kilimo aliyefanya kazi Kenya, aliviona viota hivyo kutoka kwenye ndege. Akataka kuvifikia kwa miguu. Magadi yakajaa kwenye viatu, miguu ikaungua vibaya sana, nusura afe, akalazwa hospitali muda mrefu. Na mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walihamia Magadi kule Kenya kutaga. Huko makinda yakaanza kugandiwa na magadi miguuni kama pingu, watu wa kujitolea wakaingia kuzivunja na kuokoa maelfu.

Kwani inatuhusu nini?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kuna kijana atasema, haya ni mambo ya wazungu wenye darubini na kofia, mimi natafuta mshiko. Sawa. Lakini sikiliza.

Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya picha za setelaiti za maziwa 22 ya magadi ya Ethiopia, Kenya na Tanzania, zilizopigwa kuanzia 1999 hadi 2022. Walichokiona ni kwamba maji yameongezeka katika mengi ya maziwa hayo, magadi yamechujuka kama chai iliyotiwa maji mara mbili, na ile mimea anayokula heroe mdogo imepungua, hasa Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Shirika la kimataifa linalopima hali ya viumbe, IUCN, lilikwisha kumweka heroe mdogo kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Ndege mwenye njaa hasubiri kikao. Anahama, anatafuta ziwa lingine, na watafiti hao walionya kwamba anaweza kusukumwa hadi kwenye maziwa yasiyo na ulinzi wowote.

Maziwa gani hayo? Ni ya namna ya haya yetu. Hakuna geti, hakuna askari wa wanyamapori, watu wanapita na mbuzi wao, nyumba ziko jirani. Ukubwa wa Singidani hauufikii ule wa Natron hata kidogo, lakini kwa ndege aliyekuta sahani yake imekauka kwingine, sahani ndogo ni sahani.

Sasa angalia tunavyowapokea. Mtu anafika ukingoni, anatoa simu, anataka video ya ndege wakiruka kwa pamoja kama wingu la pinki. Hawaruki. Anaokota jiwe, anarusha. Wanaruka, video tamu, washkaji wanacheka. Anakuja mwingine naye anarusha lake. Kumbuka yule wa gramu 25 anayejaza tanki. Kila akirushwa anachoma mafuta aliyokuwa akiyakusanya tangu alfajiri, na kila dakika anayozunguka angani si dakika ya kula. Fanya hivyo mara kumi kwa siku, wiki nzima. Atakapoondoka, tanki halijajaa. Wewe hutamwona akianguka, maana ataangukia jangwani au baharini, mbali kabisa na video yako.

Na takataka nazo ni hivyo hivyo. Mfuko wa plastiki na uzi wa nyavu ukingoni ni mtego kwa mwenye miguu myembamba. Kuhusu kuwanasa au kuwapiga kwa kitoweo, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 iko wazi, kuwinda bila kibali ni kosa.

Ukitaka kwenda

Haya, umeshawishika. Fanya hivi. Fika ukingoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na upepo wa Singida haujaanza fujo zake. Jua liwe mgongoni kwako, la sivyo ndege wote utawaona weusi. Acha nyumbani ile fulana ya njano inayoonekana mpaka Manyoni. Kaa chini, tulia nusu saa. Wakianza kuinua vichwa na kukutazama wote kwa pamoja umesogea mno, rudi nyuma hatua kadhaa.

Darubini ni nzuri, lakini kukosa darubini si sababu ya kubaki kitandani. Ndege mwenye miguu mirefu ya pinki kama mtu kwenye magongo, mwili mweupe na mabawa meusi, unamwona kwa macho matupu, na huyo utamkuta karibu mwaka mzima. Chukua daftari, andika tarehe, idadi na rangi. Ukiwa na simu ya kisasa kuna programu ya bure iitwayo eBird, unaingiza ulichokiona na kinahifadhiwa pamoja na vya watu wa dunia nzima. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, lakini wanaoandika walichokiona ni wachache, hasa mikoa ya kati. Orodha yako ya asubuhi moja ina maana kuliko unavyodhani.

Mwenye nafasi na nauli asogee mpaka Iramba, Ziwa Kitangiri. Hilo si la magadi, lina samaki, na penye samaki kuna mwari, yule mwenye mfuko chini ya mdomo kama kapu la sokoni. Mto Sibiti unatoka hapo kwenda Ziwa Eyasi, na nyika ya Wembere iko jirani, imejaa maji wakati huu wa mvua.

Na kuhusu ule mshiko, kijana wangu, watu wanapanda ndege ya chuma kutoka mabara mengine kuja kutazama ndege wa manyoya, na wanamlipa anayeweza kuwaambia huyu ni nani na ametoka wapi. Anayejua hayo kwa maziwa ya Singida anaweza kuwa wewe. Anzia kwenye daftari.

Ila usichelewe. Ikifika katikati ya Mei wengi wa wale vitwitwi watakuwa wameshapaa, na watoto wao hutawaona mpaka wanapoanza kuingia kuanzia mwezi wa nane na wa tisa. Hao watakuja peke yao, wengi bila mzazi wa kuwaonyesha njia, safari yao ya kwanza maishani, na baadhi watatua hapo hapo Singidani. Wakute tope safi na watu wasiorusha mawe.

Tukutane wiki ijayo, inshallah.